Kinyozi Aliyenunua Benki Moja Mara Nne

Mkono wa kulia wa Wembe ulianza kumsaliti wakati akizungusha kiwembe nyuma ya sikio la mteja. Halikuwa jambo kubwa. Ulikuwa mtetemo mdogo tu, kama wa simu iliyozimwa sauti inapoita mfukoni. Mteja, fundi umeme mwenye shingo nene, akaguta "Aah!", akajigusa, akakuta tone la damu kwenye kidole.

"Leo una ugomvi gani na sikio langu, mzee?" akauliza huku akicheka.

Wembe naye akacheka, akampaka spiriti, akamwomba radhi, wala hakumtoza. Lakini alipokwenda kusuuza taulo, aliutazama mkono ule kama mtu anavyomtazama jamaa aliyefika nyumbani na habari mbaya, ila bado hajazisema.

Alikuwa kinyozi tangu ujana wake. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika mtaani kiasi kwamba hata kadi za harusi zilimfikia zikiwa zimeandikwa "Bwana na Bibi Wembe". Sasa Bwana Wembe mwenyewe alikuwa anaogopa wembe. Alikwenda kwa daktari kimyakimya. Daktari akamnyooshea mkono, akamkunja kidole kimoja kimoja, akamwambia ugonjwa ule hauui, ila hauondoki pia.

"Unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

Daktari akaweka kalamu chini.

Wembe hakumwambia mkewe. Mkewe alikuwa mpishi wa bweni la shule, mwanamke aliyezoea kusimamia masufuria makubwa na watu wazembe, na uongo aliusikia harufu kabla haujatoka mdomoni. Kwa hiyo Wembe hakusema uongo. Alinyamaza tu, akijua kwamba kunyamaza hakuna harufu.

Fedha kidogo walikuwa nazo. Nyumba ya wazazi wa Wembe ilikuwa imeuzwa, ndugu wakagawana, na fungu lake lilikuwa limelala benki. Mkewe alikuwa amesema neno moja tu juu yake: "Pesa hiyo isitoke matembezi bila mimi kujua imekwenda wapi." Wembe aliitikia, na alipoitikia alimaanisha.

Aliyemtia majaribuni ni Mhasibu. Huyu alikuwa mteja wa kila Jumamosi, mtu wa kipara juu na nywele pembeni, hivyo kazi yake ilikuwa nusu, malipo kamili, na maneno maradufu. Kwa miaka mingi alikuwa akiketi mbele ya kile kioo akihubiri hisa. Wembe alikuwa akimsikiliza kama anavyosikiliza redio, akili ikiwa kwenye mkasi. Lakini Jumamosi ile alizima mashine ya kunyolea, akauliza:

"Hebu nieleze tena. Hilo gawio ni nini hasa?"

Mhasibu akajigeuza kitini, shuka shingoni, macho yakimng'aa. "Ni hivi, Wembe. Unanunua hisa za kampuni, unakuwa mmoja wa wenyewe. Kampuni ikipata faida, inawagawia wenyewe. Wewe umelala, pesa inaingia. Ni ng'ombe wa maziwa, bwana! Unakamua, humchinji."

"Hata kama sifanyi kazi?"

"Hata ukiwa umefungwa mikono."

Maneno yale yalimwingia Wembe mpaka kwenye mifupa. Jumatatu akafunga duka mapema, akapanda ngazi hadi ofisi ya dalali wa hisa, juu ya duka la rangi za nyumba. Dalali alikuwa mama wa makamo, miwani ikimning'inia kifuani kwa mnyororo, sauti yake ya upole kama ya muuguzi.

"Unatafuta nini, baba? Kukuza mtaji au kipato?"

"Vyote."

"Kila anayeketi hapo anataka vyote. Kipi kwanza?"

"Nataka siku nikiacha kazi nisimwombe mtu."

"Basi hicho ni kipato."

"Basi kipato."

"Na siku hiyo ni lini?"

"Sijui."

"Kama iko mbali, basi ni kukuza mtaji."

"Ahaa," akasema Wembe, na giza likazidi.

Dalali akamwonyesha kampuni kwenye kompyuta. Wembe akavutiwa na kampuni ya saruji, kwa sababu ukilinganisha na bei ya hisa, gawio lake lilikuwa kubwa kuliko la wote. Dalali akavaa miwani. "Hapo pa saruji, baba, tazama vizuri. Gawio likionekana nono kupita kiasi, wakati mwingine si gawio lililonenepa. Ni bei iliyokonda." Wembe akaitikia kwa kichwa. Aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia tangazo la kituo cha mabasi: sauti anaipata, maana imebaki kwenye kipaza sauti. Akanunua saruji, akanunua na benki moja kubwa, akanunua na kiwanda cha soda. Alipotia saini mkono ulitetemeka, na safari hii hakujua kama ni ugonjwa au ni roho.

Jumapili iliyofuata binti yake na mumewe walikuja kula mchana. Mkwe huyu alikuwa mfamasia, kijana wa heshima aliyezungumza na baba mkwe wake macho yakiwa chini, kana kwamba anasoma maneno sakafuni. Mama mkwe alipokwenda jikoni na binti yake, Wembe akamsogelea akamnong'oneza habari ya ng'ombe wa maziwa.

"Vizuri sana, baba," akasema mkwe. "Ila, kwa ruhusa yako... ng'ombe watatu. Mmoja akifa?"

"Afe kwa nini?"

"Ng'ombe hufa, baba. Kuna mfuko unaouzwa palepale sokoni, kipande kwa kipande, kama hisa yoyote. Ila ndani yake mmechanganywa kampuni zote kubwa. Ukinunua kipande kimoja umenunua kidogo cha kila kampuni. Sisi tunauita kapu. Ng'ombe mmoja akifa, kundi linaendelea kula majani."

"Na maziwa?"

"Yapo pia. Machache kidogo. Lakini kundi linakua."

Wembe hakulala vizuri. Asubuhi akapanda ngazi tena, akanunua kapu la soko zima. Jumamosi Mhasibu aliposikia, nusura aanguke kitini. "Kapu! Umechanganya ng'ombe wa maziwa na madume! Kama lazima liwe kapu, si uchukue lile la kampuni za gawio peke yake?" Wembe akaenda akalichukua na hilo. Kisha simu yake, ambayo sasa ilikuwa imeshamjua, ikaanza kumletea matangazo, na tangazo moja lilisema kwamba mabenki ndiyo nguzo ya uchumi, na kwamba liko kapu la mabenki matupu. Nani anakataa nguzo? Akanunua la tatu.

Akili ni nywele, husema watu, kila mtu ana zake. Wembe maisha yake yote alikuwa akifagia nywele za watu sakafuni. Sasa akawa anazoa na akili zao, na kama vile nywele, zilipokuwa lundo moja hakuna aliyeweza kujua ipi ni ya nani.

Kutoka hapo simu ikawa mke wa pili. Asubuhi kabla ya kunawa uso aitazame. Namba za kijani, namba nyekundu. Kijani alijua ni heri. Lakini siku nyingine soda ilikuwa ya kijani na kapu jekundu, siku nyingine kapu la kijani na saruji nyekundu, na jumla chini ikawa ya rangi ambayo haikupatana na yoyote. Alimnyoa mwalimu mmoja upande wa kushoto, akatazama simu, akarudi kumnyoa upande uleule wa kushoto.

Kisha gawio la benki likaja. Lilikuja kama ujumbe mfupi, saa ya mchana, duka likiwa na watu. Wembe akausoma, akafuta kioo cha simu kwa aproni, akausoma tena. Pesa imeingia, na yeye amesimama tu! Mteja aliyekuwa kitini alinyolewa bure siku hiyo na hakujua kisa chake. Lakini Wembe alipokwenda kuangalia bei ya hisa zile za benki, akakuta imeshuka. Akapiga hesabu juu ya kisanduku cha poda. Kilichoshuka kilikaribiana sana na kile alichopewa.

Alipanda zile ngazi bila kugusa ukuta.

"Mama, nimeibiwa."

"Na nani, baba?"

"Wamenipa kwa mkono huu, wamechukua kwa huu!"

Dalali akamkaribisha kiti, akamwita msichana alete maji. "Hukuibiwa. Pesa ilikuwa ndani ya kampuni, sasa iko mfukoni mwako. Kampuni imebaki na pungufu ya kiasi kile, ndiyo maana bei imeteremka. Hutokea siku ya kutengwa kwa gawio, yaani siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio lile, kwa kila kampuni."

"Kwa hiyo nimejilipa mwenyewe."

"Kwa namna fulani."

"Sasa faida iko wapi?"

"Faida ni kazi ya kampuni kesho na keshokutwa. Ikifanya vizuri, itajaza lile pengo na kuzidisha."

"Na isipofanya?"

"Halitajaa."

Wembe akanywa maji yale yote. Alikuwa amekuja na swali moja, akashuka na matatu.

Miezi ikapita. Mkono haukupona, ila ulijifunza saa zake: asubuhi mtulivu, jioni mkaidi. Wateja wa kunyoa ndevu kwa wembe aliwapa miadi ya asubuhi, akisingizia mwanga. Kilichomtia jeraha kweli ni saruji. Ilitangazwa kwamba tanuru kubwa la kiwanda limeharibika, kampuni imekopa, na mwaka ule hakuna gawio. Bei ya hisa ikaporomoka kama ukuta uliochanganywa mchanga mtupu. Ng'ombe nono wa Wembe alikuwa amelala chali, miguu juu.

Akamsubiri Mhasibu Jumamosi. Mhasibu hakuja. Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu akaja, nywele za pembeni zikiwa zimemfunika masikio, akaketi bila kusalimia vizuri, akajitazama kiatu.

"Umesikia habari ya saruji?" akauliza Wembe, akimfunga shuka.

"Nimesikia."

"Wewe umepoteza kiasi gani? Nijue kwamba siko peke yangu."

Feni ikapiga mizunguko yake. Mhasibu akaivuta shuka mpaka kidevuni.

"Wembe, mimi sina."

"Huna nini?"

"Sina hisa. Za saruji wala za chochote. Sijawahi kununua hata moja."

Wembe akabaki ameshika mashine hewani. Miaka yote ile! "Lakini... ng'ombe wa maziwa?"

"Nimesoma sana habari zake. Nazijua kampuni zote, na kila mwaka nasema mwaka huu nanunua. Nikifika mlangoni kwa dalali, miguu inakataa. Naogopa, ndugu yangu. Nilikuwa naongea ili nijisikie kama mtu aliyenunua."

Wembe hakujua la kufanya na uso wake. Hasira ilimjia, ikamkuta tayari ana huruma, na vile viwili vikakosa nafasi ndani ya kifua kimoja. Aliishia kumnyoa. Akamnyoa vizuri hasa, pole pole, akamfuta nywele shingoni kwa brashi laini.

Jioni ile alifika nyumbani, akamkuta mkewe mezani anamenya vitunguu saumu. Akaketi mbele yake. Akamwambia yote kwa mpigo: daktari, mkono, hisa, makapu, saruji. Alipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa akingoja mvua imnyeshee.

Mkewe akaendelea kumenya. "Mkono najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu lini nimekujazia kikombe mpaka juu? Chai nakuwekea nusu, nakuongezea ukimaliza. Ulidhani nimekuwa bahili?"

Wembe akakumbuka vikombe vyote vile vya nusu, na jinsi alivyowahi kulalamika kimoyomoyo.

"La mkono nilingoja uniambie mwenyewe," mkewe akaendelea, na sasa sauti ikapanda. "Lakini hili la pesa! Nilisema nini? Isitoke matembezi bila mimi kujua. Sasa haikutoka matembezi tu, imehamia kwa watu!" Akamsema, akamsema mpaka vitunguu vikaisha. Kisha akanawa mikono, akachukua simu, akampigia mkwe wake aje.

Mkwe alikuja kesho yake, akaketi ukingoni mwa kochi kwa adabu, akafungua simu ya baba mkwe wake. Akaingia kapu la kwanza, la pili, la tatu, akitazama ndani mna kampuni zipi. Kadiri alivyotazama, ndivyo alivyozidi kuinamisha macho.

"Sema tu," akasema mama mkwe.

"Baba, hii benki uliyonunua hisa zake... ndiyo kampuni kubwa kuliko zote kwenye kapu la soko zima."

"Vizuri," akasema Wembe.

"Na kwa sababu inatoa gawio, ndiyo ya kwanza pia kwenye kapu la gawio."

"Mh."

"Na kapu la mabenki... karibu nusu yake ni yenyewe."

Mama mkwe akamgeukia mumewe. "Yaani?"

"Yaani, mama," mkwe akamalizia kwa sauti ya chini kabisa, "baba amenunua benki moja mara nne."

Binti yao, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akajikaza kisabuni, akajikaza, kisha kicheko kikamponyoka, na kilipoanza hakikuzuilika, mpaka Wembe mwenyewe akaambukizwa. Alicheka huku akiwa haelewi. Alikuwa amedhani makapu matatu ni makapu matatu.

"Lakini saruji pia imo kwenye makapu?" akauliza alipofuta machozi.

"Imo kwenye mawili, baba. Ila kidogo sana. Ndiyo maana makapu hayakuanguka. Yamechechemea tu."

Wiki ile Wembe na mkewe walipanda ngazi pamoja. Dalali akawaeleza tena, kipato na mtaji, gawio na bei, kwa subira ileile. Bibi Wembe alisikiliza mikono ikiwa imefungwa juu ya mkoba, na mwisho akauliza: "Katika vyote hivi, kipi tunaweza kukiacha mwaka mzima bila huyu kukichungulia kila asubuhi?"

Dalali akatabasamu. "Kapu la soko zima. Linapanda, linashuka, lakini halihitaji yaya."

Wakauza makapu mawili, wakauza na hisa za benki, wakatia fedha ile kwenye kapu lililobaki. Soda wakaiacha, maana ilikuwa ikitoa gawio dogo lisilo na makuu, mwaka baada ya mwaka. Ada ya dalali ilikula sehemu, na hasara ya kuingia na kutoka ikala nyingine. Saruji ndiyo iliyowagawa.

"Kama usingekuwa nayo, leo ungeinunua?" mkewe akamuuliza palepale.

"Hata bure nisingeipokea."

"Basi uza."

"Nikiuza ndiyo nimekubali kwamba imepotea."

"Na usipouza haijapotea?"

Wembe akatazama dirisha. Hakuuza. Hadi leo anazo. Ukimuuliza sababu, anakuna kidevu, anaanza kueleza habari za tanuru jipya, halafu katikati ya sentensi anapotea.

Kiwembe aliacha kabisa. Alitafuta mwanamama mmoja kinyozi, mwenye mkono uliotulia kama jiwe, akampa upande mmoja wa duka. Mwanamama ananyoa ndevu na kutengeneza kingo za nywele, na Wembe anabaki na mashine, ambayo hata mkono ukitikisika haikati mtu. Kila mwisho wa mwezi anamlipa Wembe pesa ya pango, na pango hilo linazidi kwa mbali yale maziwa ya kapu na ya soda yakiwekwa pamoja. Wembe alimuuliza dalali kwa simu kama hilo nalo linaitwa gawio. Dalali akasema hapana, hilo ni pango. Wembe akasema ahaa.

Mhasibu alirejea kwenye Jumamosi zake, ila sasa aliongea habari za mpira. Mpaka siku moja aliingia kifua mbele, akaketi, akangoja afungwe shuka, ndipo akatoa habari: miguu ilikuwa imekubali. Ameingia kwa dalali, amenunua hisa kwa mara ya kwanza maishani.

"Hongera!" akasema Wembe kwa furaha ya kweli. "Umenunua ipi?"

"Saruji," akasema Mhasibu. "Iko chini mno, bwana. Huu ndio wakati wake."

Wembe akamtazama kwenye kioo, akitafuta usoni pake kama ni ushujaa ule au ni wazimu. Hakupata. Akamnyoa, akapokea pesa yake, na jioni akamsimulia mkewe wakati wa kutandika meza.

"Kwa hiyo amefanya vizuri au vibaya?" mkewe akauliza.

"Hilo ndilo nililokuwa nataka nikuulize wewe," akasema Wembe, na wakaketi kula.